Kabla hujalipia fremu Mwanga, angalia mtaro

Kaka, umeuliza maswali matatu kwa mpigo: Mwanga yetu ya hapa Kigoma imebadilika kiasi gani tangu uondoke 2010, mtaa gani umechangamka kwa biashara ya chakula, na kama uichukue hiyo fremu, chumba cha biashara, ya kwenye ghorofa jipya uliyotumiwa picha na dalali. Waliotangulia kukujibu wamekutajia mitaa, sina ubishi nao. Mimi nauza chakula Mwanga tangu 2012, mwanzo na mama, sasa peke yangu, na naona hakuna aliyekigusa kitu kilichonitoa jasho kuliko kodi, kuliko hata bei ya mkaa. Mtaro.

Usicheke, nisikilize.

Wewe unaikumbuka Mwanga ya vumbi. Barabara ya Lumumba ile inayopandisha kutoka stesheni ilikuwa na lami, lakini ukichepuka tu kuingia mitaani unakutana na udongo mwekundu: kiangazi unakohoa, masika unatembea kama bata. Umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli na mgao wake, kwa hiyo jua likizama watu wanafunga maduka na kurudi kwao. Kisha Kigoma ikaingia kwenye ule mradi wa miji mkakati wa fedha za Benki ya Dunia, pamoja na Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Lami ikaanza kuingia mitaani, taa zikasimamishwa. Mtaa wetu haukuwa wa kwanza, ulifikiwa baadaye, na ulipofikiwa tulishangilia kama watu waliofunga goli la ugenini.

Siku walipokuja kupima, mama alikuwa anageuza ugali. Tulikuwa na kibaraza cha mabati mbele ya fremu, nguzo nne za mbao, mabenchi mawili na jiko nje. Kijana mmoja mwenye kopo la rangi nyekundu akaja moja kwa moja, akapiga X kwenye ukuta. Mama hata mwiko hakuuweka chini. "Mwanangu, hata shikamoo hakuna, unaanza na rangi?" Kijana akaona haya. "Shikamoo mama. Hapa ni hifadhi ya barabara, mnatakiwa kutoa hiki kibaraza." "Marahaba. Na sufuria langu nalo liko kwenye hifadhi?" Sufuria lilikuwa kwenye hifadhi. Kibaraza tulikibomoa wenyewe tuokoe mabati, na fidia hakuna, kwa sababu ukijenga kwenye hifadhi ya barabara hudai chochote.

Basi wakachimba. Mtaro wa kina cha kiuno changu, katikati ya mlango wetu na barabara, halafu kazi ikasimama. Sijui walikwama wapi, ila ulibaki wazi karibu miezi mitano na mvua zikatukuta hivyo hivyo. Tulitandaza mbao mbili. Wateja vijana waliruka, akina mama wenye mizigo walipita kwa jirani. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ujiji, analeta mawese kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, mteja wetu wa kila Jumatano tangu siku ya kwanza. Alisimama ng'ambo, akaziangalia zile mbao, akaangalia baiskeli yake. "Binti, mimi nimekuja kula, sikuja kuvuka mto Malagarasi." Akaondoka. Hakurudi mpaka mwaka uliofuata.

Mtaro ulipojengewa kwa mawe, mkandarasi alituachia kivuko kimoja, zege la kupitia juu ya mtaro, kila baada ya nyumba kadhaa, na chetu hakikuwa mlangoni kwetu. Nikamwita fundi, nikamwambia nitengenezee cha kwangu, cha bei nafuu. Akamwaga zege upana wa sentimita 80 hivi, mtu mmoja anapita vizuri na sahani yake. Nikaona nimemaliza.

Sasa ng'ambo ya barabara akaja kijana wa Kasulu, akafungua chipsi na mishikaki. Chipsi za kawaida kabisa, nazisema bila wivu, na kachumbari yake ilikuwa na vitunguu vingi kuliko nyanya. Ila alikuwa amejenga kivuko cha karibu mita nne. Nilidhani anatupa saruji. Usiku wa kwanza wa taa za barabarani kuwaka nikahesabu pikipiki kumi na moja juu ya kile kivuko. Kwangu zilikuwa mbili, zimeegeshwa barabarani, na wenyewe wanakula wamegeuza shingo kuziangalia. Hapo ndipo nikaelewa. Dereva wa bodaboda anakula mahali anapoiona pikipiki yake. Na akikaa kwako, abiria anamfuata hapo hapo, na abiria naye anaona chakula. Yule kijana hakuwa amejenga kivuko, alikuwa amejenga kijiwe cha bodaboda.

Nilivumilia kama mwaka na nusu, kisha nikabomoa changu nikajenga kipya, mita tatu na nusu, nondo na mifuko sita ya saruji, jumla ikanitoka laki tatu na ushee. Mambo mawili nilijifunza kwa gharama, wewe yachukue bure. Kwanza, pita kwa watu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla ya kumwaga zege, barabara za mitaa ziko chini yao tangu 2017, la sivyo unaweza kuambiwa ukivunje. Pili, usizibe mtaro moja kwa moja. Weka mifuniko ya zege inayoinuka, mmoja mmoja, yenye vishikio vya nondo. Mifuko ya chipsi na chupa za maji vyote vinaishia humo, na mtaro ukiziba chini ya kivuko chako, mvua kubwa ya kwanza maji yanaingia dukani kwako, hayaingii kwa jirani. Mimi yalinifikia kwenye magunia ya unga.

Haya, maduka mapya. Yapo mengi, na mengi yanafanana: simu na chaja zake, vipodozi, duka la dawa, wakala wa pesa, saluni, supamaketi ndogo yenye mlango wa kioo na friji la soda linalong'aa. Vitenge vya Kongo vimejaa, vizuri kweli. Baa zimeongezeka kuliko unavyofikiri. Lakini kilichobadilika hasa ni saa. Zamani biashara yetu ilikuwa asubuhi na mchana: supu, chapati, ugali wa saa saba. Sasa pesa iko kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, kwa sababu ya taa. Mtu anayekuja kukagua fremu saa tano asubuhi anakagua mji mwingine.

Chakula chenyewe, usije na akili ya Dar. Kuku wa kukaanga na pilau vinauzika kwa vijana na wageni wa semina. Ila mtu wa hapa akiwa na njaa ya kweli anataka ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa ziwani, sombe (kisamvu) iliyokolea mawese, au dagaa. Na dagaa mwenyewe awe wa hapa. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana, mimi nilikuwa na akiba ya dagaa wakavu gunia moja na nusu. Iliisha ndani ya mwezi mmoja. Nikajaribu dagaa wa Mwanza, nikawaunga vizuri tu, nazi na kila kitu. Mteja mmoja akaonja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza, "Dada, hawa wamekuja kwa basi?" Tukamaliza msimu kwa maharage na mayai. Faida ilishuka sana, siwezi kukudanganya, lakini nilikubaliana nao, kwa sababu tulikuwa tunaona wenyewe samaki walivyopungua tangu udogoni mwetu. Wewe panga tu kwamba linaweza kufungwa tena, na uwe na akiba ya kuku na maharage kwenye bajeti.

Umegusia Kibirizi pia. Kwa maboti ya vijijini, watu wa hifadhi ya Gombe na wafanyabiashara wa dagaa, pale kuna njaa ya kudumu na pesa ya haraka. Lakini miaka hii ziwa limepanda, pale mwaloni, maboti yanapotia nanga, maji yaliingia mpaka kwenye mabanda, na kuna watu nawafahamu walihamisha jiko mara mbili. Ukienda Kibirizi chukua kitu cha kuhamishika, usimwage zege. Ujiji ni pazuri, watu wastaarabu, miembe mikubwa, watalii wachache wanaokuja kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Ila Ujiji watu wanakula nyumbani. Mama zetu wa Ujiji wanapika vizuri mno, nani akalipie?

Kuhusu ghorofa la dalali. Naamini nalijua, na fremu anayokuonyesha ni ya juu. Kwa mgahawa, achana nayo. Mtu wa Kigoma hapandi ngazi kufuata ugali. Tena kwenye majengo hayo mwenye nyumba hataki mkaa, anataka gesi tupu, na ugali wa watu arobaini kwa gesi fanya hesabu yake kwanza. Za chini ndizo zenye faida, na hizo zimeshachukuliwa na mawakala.

Kodi imepanda. Mimi nilianza kwa elfu 50 kwa mwezi, leo fremu ya ukubwa ule ule nalipa laki na nusu, na wanataka ya mwaka mzima mkononi. Sababu wanayotoa wenye nyumba siku hizi ni reli ya kisasa. Ni kweli mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Lakini mwenye nyumba wangu alinipandishia kodi ya treni ambayo sijaisikia hata honi yake. Nikamwambia, "Baba, treni ikifika nitakuongezea mwenyewe na wali juu." Akacheka, akapunguza elfu 20. Kwa hiyo bishana, usione aibu, wanategemea ubishane. Na usimlipe dalali chochote cha "kukushikia fremu" kabla hujaonana na mwenye nyumba uso kwa uso. Kilemba, pesa ya kuachiwa fremu, kiko, sikatai, lakini kinalipwa kwa mpangaji anayetoka na amekuachia kitu, siyo kwa mtu mwenye simu mbili tu.

Ukija, fika siku ya kazi na usiseme kwa mtu kwamba unatafuta fremu. Kaa mahali kuanzia saa kumi na mbili jioni, agiza chai, hesabu pikipiki zinasimama upande upi. Fanya hivyo siku tatu.

Upande wangu wa barabara, milango miwili kutoka kwangu, kuna fremu ya chini imekaa wazi tangu mwezi wa tatu. Kabla ya hapo wapangaji wawili waliingia na kutoka. Ina umeme wake, choo kiko nyuma, moshi unatoka vizuri. Haina kivuko. Mwenyewe anataka kodi ya mwaka. Mwambie utajenga kivuko cha mita nne kwa fedha yako na akukate kwenye kodi, mwandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliyepita aliomba hivyo akakatiwa miezi miwili, akaona midogo. Wewe anza na minne.