Tuanze na wazee au na wanaowatunza?

Kwa swali lako kama kikundi cha jamii chenye fedha kidogo kianze na wazee wenyewe au na wale wanaowatunza nyumbani, ningeshauri muanze na watunzaji, kwa sababu mzee anayehitaji kuogeshwa, kulishwa na kukumbushwa dawa hutegemea afya ya mtu mmoja ambaye mara nyingi hana wa kumpokea zamu. Huduma inayoleta nafuu ya haraka ni hiyo hiyo ya kupokezana: mtu aliyefunzwa, na ambaye mzee amekwisha kumzoea, anafika siku na saa zinazojulikana ili mtunzaji alale, aende kliniki kwa ajili yake mwenyewe au ashughulikie mambo yake. Ratiba isiyoyumba ina thamani kuliko wingi wa saa, kwani msaada usiotabirika haumwezeshi mtu kupanga lolote.

Mafunzo nayo yana nafasi yake, hasa ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo. Kwa wanaotunza watu wenye dimensia, yaani hali ya kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, Shirika la Afya Duniani limeandaa programu ya mafunzo iitwayo iSupport. Hata hivyo, semina ambayo mtunzaji hawezi kuhudhuria kwa kukosa wa kumwachia mzee ni kazi bure, na waandaaji husahau jambo hili mno.

Mzee naye aulizwe mapema anaridhia ahudumiwe na nani, maana wengi humkataa mgeni kwa kuona haya, si kwa ukaidi.