Shawa kudondosha maji: lita za tenki hazihusiki, angalia kimo na bomba

Mkuu, umesema shawa yako huko Pongwe bado inadondosha hata baada ya kutoa tenki la lita 1,000 na kupandisha la 5,000 juu ya mnara uleule wa mita 3, na sasa unataka kuongeza la pili. Tafadhali usinunue kwanza. Nafunga mabomba hapa Tanga na tatizo hili nakutana nalo sana.

Presha ya maji yaliyotulia inategemea kimo, yaani kutoka uso wa maji tenkini hadi pale yanapotokea. Mita 10 za kimo ni takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Tenki liwe jembamba au pana kama sebule, kimo kikilingana presha inalingana. Kwako: kitako cha tenki kiko mita 3, kichwa cha shawa mita 2. Tenki likiwa na maji ya mita moja, unabaki na mita 2, sawa na baa 0.2. Tenki la pili pembeni yake litakupa akiba ya siku za mgao, basi.

Kwa presha ndogo hivyo, bomba ndilo linaloamua. Maji yakianza kutembea yanasuguana na kuta, na kimo kinaliwa njiani. Wengi wanadanganywa na namba: PPR (lile bomba la plastiki) ya milimita 20, hicho ni kipimo cha nje. Ile yenye ukuta mnene, ndani ina kama milimita 13 tu. Ya 32 ina kama 21, na kwa kimo kilekile inapitisha zaidi ya mara tatu. Ile kanuni ya Poiseuille ya shuleni, kwamba kipenyo kikipungua nusu mtiririko unabaki moja ya kumi na sita, ni ya mtiririko uliotulia. Bomba la nyumba kwa kawaida maji yake yanavurugika, kwa hiyo hesabu inabadilika na upungufu hauwi mkali hivyo, lakini bomba jembamba bado linakuumiza vibaya.

Pima mwenyewe kabla ya kubomoa ukuta. Azima mpira wa levo, ule mwangavu wa mafundi ujenzi. Toa kichwa cha shawa, funga mpira pale, upitishe dirishani na ncha yake uipandishe juu kuliko tenki. Koki ya shawa iache wazi, nyingine zote zikiwa zimefungwa, maji ya mpirani yatasimama usawa wa maji ya tenki. Sasa mtu afungue koki ya jikoni hadi mwisho. Maji ya mpirani yatashuka, na urefu yalioshuka ndio kimo kinacholiwa na bomba kuu kutoka tenki hadi njia panda ya shawa na jiko. Yakishuka mita moja na nusu, shawa imebakiwa na nusu mita! Mimi naupenda mpira huu kuliko geji ya presha, kwa sababu mwenye nyumba anaona kwa macho yake na haniulizi mara mbili.

Yakishuka hivyo, badilisha bomba la kutoka tenki liwe 32 hadi kwenye matawi, punguza elbo (viungo vya kona), na hakikisha valvu ya chini ya tenki imefunguka yote. Yasiposhuka sana, fungua kichwa cha shawa. Kama unatumia kisima, maji ya miamba ya chokaa kama ile ya Amboni huziba vile vitundu. Loweka kwenye siki usiku kucha.

Ukishapima, andika hapa yameshuka kiasi gani na bomba lako ni la ngapi, ndipo tujadili kama pampu inahitajika.