Msumari Usiponasa Pini: Niliyojifunza Nikifundisha Sumakuumeme

Siku ya kwanza niliyofundisha kutengeneza sumakuumeme, yaani msumari uliozungushiwa waya unaogeuka sumaku umeme unapopita, nilikuwa na vikundi sita, na hakuna kikundi hata kimoja kilichonasa pini. Betri zilikuwa mpya, waya umezungushwa vizuri, watoto wamenitolea macho. Iliniuma sana.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Waya wa shaba unaosukiwa mota huonekana mtupu, kumbe umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Usipoikwangua kwenye ncha zote mbili, betri haiigusi shaba. Sasa kazi ya kwanza ni msasa: sentimita mbili kila ncha, kuzunguka pande zote, mpaka rangi ibadilike.

Wakishalijua hilo, wengine hutaka kukwangua waya mzima. Wazuie mapema. Vanishi hiyo ndiyo inayoulazimisha umeme upite mzunguko baada ya mzunguko. Ikitoka katikati, umeme hukatiza pale waya zinapogusana. Hapo huwasimulia habari za William Sturgeon wa Uingereza. Mwaka 1824 alitengeneza sumakuumeme kwa waya mtupu na kupaka vanishi chuma chenyewe, kwa hiyo ilimbidi aache nafasi kati ya mizunguko. Baadaye Joseph Henry, Mmarekani, aliufunika waya wenyewe kwa hariri, akaweza kuubana na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Watoto huutazama waya wao kwa macho mapya.

Waya uzungushwe kuelekea upande mmoja tu, hata unaporudi kuanza tabaka la pili. Mizunguko ya kinyume hufutana nguvu.

Tumia betri moja ya kawaida ya volti 1.5, na uiunganishe kwa sekunde chache tu, kwani waya hupata moto haraka. Umeme wa ukutani, betri ya gari na betri za simu visikaribie meza hiyo kabisa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kulinganisha idadi ya pini zinazonaswa kwa mizunguko 20, 40 na 60, na ndipo matokeo hudanganya. Ukiongeza urefu wa waya, ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, nao unaongezeka, na mkondo wa umeme hupungua. Kata waya wa kutosha mizunguko 60 tangu mwanzo, ziada iachwe ikining'inia. Betri nayo huchoka njiani: ukimaliza 60, rudi kwenye 20 uhesabu tena. Pini zikiwa pungufu kuliko mwanzo, hesabu za katikati usiziamini.

Msumari nao hukumbuka. Chuma laini huachia pini mara umeme unapokatwa, lakini misumari migumu hubaki na usumaku kidogo. Kabla ya kila jaribio tunaugusisha msumari kwenye pini bila betri. Zikinasa, tunachukua msumari mwingine.