Mizania si dakika sawa kwa kila upande

Ukiuliza kama mizania katika habari ni kumpa kila upande dakika sawa, jibu langu ni hapana, mizania haipimwi kwa saa. Anayetuhumiwa atafutwe kabla habari haijatoka, apewe muda wa kutosha kujibu, na jibu lake liwekwe pale msomaji atakapolikuta, si aya ya mwisho kabisa. Kumpigia simu mara moja saa 4 usiku gazeti likielekea mtamboni, halafu kuandika "hakupatikana", huko ni kujikinga tu. Nimekaa dawati la habari miaka kadhaa, ujanja huo naujua.

Tena pale ushahidi ulipoelemea upande mmoja, dakika sawa hupotosha. BBC yaliwakuta kwenye mabadiliko ya tabianchi: mapitio ya Profesa Steve Jones, mtaalamu wa jenetiki, mwaka 2011 yaliwakosoa kwa kuwapa wapinzani wachache uzito wasiostahili, na 2018 wakawaambia waandishi wao kuwa si lazima kualika anayeyakana ili mjadala uonekane sawa.

Ila kampeni za uchaguzi ni kesi nyingine. Huko muda wa vyama hewani huwa na kanuni zake, na dakika zinahesabiwa kweli.