Kufunga Hesabu za Pesa za Korona: Majibu ya Barua Zenu

Wengi mnaoniandikia mnafanya kazi katika ofisi za miji midogo ya Marekani, au mnaongoza vyama vya jamii vilivyopewa pesa na miji hiyo. Kwa anayesoma mara ya kwanza: sheria ya American Rescue Plan, iliyotiwa saini tarehe 11 Machi 2021, ilitenga dola bilioni 350 kwa majimbo, kaunti, miji, maeneo ya ng'ambo na makabila ya wenyeji asilia. Dola bilioni 19.53 kati ya hizo zilikwenda kwa miji midogo, kwa kawaida yenye watu chini ya 50,000. Mingi ya miji hiyo ina karani mmoja tu: ndiye anayeandika mihutasari ya baraza, ndiye anayepokea bili za maji, na siku moja akaambiwa asimamie ruzuku ya shirikisho. Tarehe za kukumbuka ni mbili. Kufikia 31 Desemba 2024 kila dola ilipaswa iwe imeshafungwa kwa mkataba au ahadi nyingine ya kisheria. Kufikia 31 Desemba 2026 iwe imeshalipwa.

*Baraza letu lilipitisha azimio Novemba 2024 la kutenga dola 180,000 kwa bomba jipya la maji. Mkataba na mkandarasi tukausaini Februari 2025. Meya anasema tuko salama kwa sababu azimio lilitangulia. Ni kweli?* (Msaidizi wa karani, Indiana)

Si kweli, dada, na ni afadhali meya alisikie kwako leo kuliko kwa mkaguzi kesho. Azimio la baraza ni nia. Hata bajeti iliyopitishwa kwa kura zote ni nia. Hazina ya Marekani inataka kuona kitu kinachoulazimisha mji kulipa: mkataba uliosainiwa, oda ya manunuzi iliyotumwa, ruzuku iliyokabidhiwa kwa shirika jingine kwa hati. Februari 2025 ilikuwa imechelewa.

Lakini msikimbilie kurudisha hela kabla ya kufungua makabati. Mwongozo wa Hazina unaruhusu ruzuku kubeba gharama nyingine inayostahili, ambayo mji ulikuwa umeshaifunga kwa mkataba kabla ya mwisho wa 2024, hata kama mwanzoni ililipwa kwa mfuko mwingine. Je, mlinunua gari la zimamoto mwaka 2023 kwa pesa za mji? Mlikuwa na mkataba wa kuzoa taka, au wa kutengeneza barabara? Mji mdogo unaruhusiwa kuhesabu hadi dola milioni 10, bila kuzidi kiasi ulichopewa, kuwa ni fidia ya mapato yaliyopotea, na fidia hiyo hulipia karibu huduma yoyote ya kawaida ya serikali. Isiyoruhusiwa ni kama kulipa deni la mji, kujaza akiba ya dharura, au kutunisha mfuko wa pensheni. Mkipata gharama inayoruhusiwa, ruzuku inaibeba, na pesa za mji zilizokombolewa zinalipa bomba. Jambo moja nasisitiza: ripoti mliyokwisha kutuma lazima isahihishwe, na sababu iandikwe waziwazi. Mwanasheria wa mji asome kabla hamjabonyeza chochote. Msibadilishe tarehe ya mkataba. Nimeombwa "ushauri" wa aina hiyo zaidi ya mara moja, na jibu langu ni lilelile: kosa la tarehe mji utalilipa kwa pesa, tarehe ya uongo mtu huilipa kwa jina lake.

*Sisi ni chama cha Wakongomani. Mwaka 2022 mji ulitupa dola 60,000 kugawa chakula na kusaidia usafiri wa wazee kwenda hospitali. Sasa wanataka karatasi zote. Mama zetu waligawa unga na mafuta kwa mikono yao, na nauli nyingine tulitoa taslimu bila saini. Tufanye nini?* (Mwenyekiti wa chama, Ohio)

Papa, barua yako niliisoma mara mbili, maana najua kazi ile ilivyofanyika. Katika mila zetu anayepewa unga haombwi saini. Kumwomba ni kama kumwambia humwamini. Mji nao haukuwaeleza mapema kwamba pesa hii inafuatana na karatasi mpaka mwisho. Hilo lilikuwa kosa la mji, kwa sababu kanuni zinaudai uwasimamie na kuwaelekeza tangu mwanzo.

Anza na mkataba wenu. Kama unasema mliendesha mradi kwa niaba ya mji, mmepokea sehemu ya ruzuku, yaani ruzuku ndogo, na masharti ya shirikisho yanawafuata. Kama mliuza huduma kwa bei, ninyi ni wakandarasi, na ankara pamoja na ushahidi wa kazi vinaweza kutosha. Kama mlipewa kwa sababu chama chenyewe kiliumia wakati wa korona, ninyi ni wanufaika na masharti ni mepesi zaidi. Kisha uliza mji swali moja: pesa hii mliiripoti Hazina chini ya fidia ya mapato? Ikiwa ndivyo, mwongozo wa Hazina unasema matumizi ya kundi hilo hayawafanyi ninyi kuwa wapokeaji wa ruzuku ndogo. Nimeona vyama vikidaiwa makaratasi ambayo mji wenyewe haukuhitaji kuyadai.

Kuhusu yaliyokosekana, kusanyeni yaliyopo. Taarifa za benki. Risiti za duka la jumla. Picha za siku za ugawaji zenye tarehe. Ujumbe wa WhatsApp wa kuita madereva. Daftari la kanisa, kama majina yaliandikwa humo. Kwa kila nauli iliyotolewa taslimu, aliyetoa aandike maelezo: nani, lini, kwenda wapi, kiasi gani, kisha asaini yeye na shahidi. Andikeni leo kwa tarehe ya leo, mkisema wazi kwamba ni kumbukumbu iliyoandikwa baadaye. Stakabadhi mpya yenye tarehe ya 2022 ni kughushi, hata kama chakula kweli kiliwafikia watu. Kile msichoweza kuthibitisha, kisemeni na mjadiliane na mji.

Na walindeni watu wenu. Mji unahitaji kujua kwamba familia zilisaidiwa na kwamba zilistahili. Nakala za vitambulisho na makaratasi ya ukimbizi zisitumwe hovyo kwa barua pepe. Ombeni kutumia namba badala ya majina, orodha kamili ikae kwenye kabati lenye kufuli. Kwa kawaida shirika lililopokea ruzuku ndogo lina siku 90 baada ya muda wa mradi kuisha kuwasilisha taarifa zake za mwisho, kwa hiyo anzeni na yale magumu.

*Pesa zilikaa benki zikazaa riba. Riba ni ya nani?* (Mweka hazina, Iowa)

Ni ya mji. Kwa mfuko huu hamrudishi riba, wala haifungwi na masharti ya matumizi ya ruzuku. Msiuchukulie huo kuwa ndio mwendo wa ruzuku zote. Nyingine nyingi zina kanuni tofauti.

*Mwaka wetu wa fedha ulianza Julai 2024. Kwa mwaka huo tulitumia dola 820,000 za shirikisho. Nimesikia kiwango cha ukaguzi kimepanda hadi milioni moja, kwa hiyo tumepona?* (Mhasibu wa mji, Kentucky)

Hamjapona, kaka. Kiwango, yaani matumizi ya pesa za shirikisho kwa mwaka yanayoulazimu mji kukaguliwa, kilipanda kutoka dola 750,000 hadi 1,000,000, ila kwa miaka ya fedha iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baada yake. Wa kwenu ulianza miezi mitatu mapema. Taarifa ya ukaguzi hutakiwa ndani ya siku 30 tangu mkaguzi aikabidhi, au miezi tisa tangu mwaka kwisha, lolote litakalotangulia. Kwenu mwisho kabisa ni 31 Machi 2026. Kama mji ulipewa dola milioni 10 au pungufu kutoka mfuko huu, na pesa nyingine za shirikisho mlizotumia hazikufika 750,000, kuna uchunguzi mbadala ulio mwepesi na wa bei nafuu, kwa Kiingereza Alternative Compliance Examination Engagement. Mwulizeni mkaguzi wenu kwa jina hilo. Wengi hawautaji mpaka waulizwe.

*Huku Kenya fedha za kaunti ambazo hazikutumika kufikia 30 Juni zinarudi kwenye mfuko. Kwa nini Wamarekani wamepewa miaka?* (Mkaguzi wa ndani, Eldoret)

Kwa sababu ruzuku hii haifuati mwaka wa bajeti. Ina muda wake yenyewe, na pesa inavuka miaka ya fedha bila kurudi. Nafuu hiyo ina hatari yake: pale Eldoret Juni inawakumbusha kila mwaka, hapa kuna miji iliyosahau kabisa mpaka Hazina ikawaandikia.

*Karani wetu anastaafu Desemba. Yeye ndiye ametuma ripoti zote, na mimi ndiye ninayerithi kiti. Nianze wapi?* (Karani msaidizi, Minnesota)

Anza naye angali ofisini. Mji wenu unaripoti mara moja kwa mwaka, na ripoti ya mwisho hutakiwa 30 Aprili 2027, miezi minne baada ya yeye kuondoka. Kwenye tovuti ya Hazina kuna majukumu matatu: msimamizi wa akaunti, mtuma ripoti, na mwakilishi mwenye mamlaka ya kuthibitisha. Katika ofisi ndogo yote matatu huwa ya mtu mmoja, na akiondoka na barua pepe yake, mji unabaki nje ya mlango. Angalieni pia usajili wa mji kwenye SAM.gov, tovuti ya shirikisho ya kusajili wanaopokea pesa zake, maana unahuishwa kila mwaka.

Kisha mwombe akufungulie kila mradi na kukuonyesha mkataba, ankara, hundi na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Kumbukumbu hizo mnatakiwa kuzitunza miaka mitano baada ya pesa zote kutumika au kurudishwa, kwa hiyo zisibaki kwenye kompyuta yake. Ikiwa kuna mradi asioukumbuka vizuri, huo ndio wa kuutafuta kwanza, wakati mnaweza bado kumpigia mkandarasi simu. Siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga, keti wewe kwenye kiti, ingia kwa jina lako mwenyewe, fungua ripoti ya mwaka uliopita, naye asimame nyuma yako bila kugusa kibodi.