Kwa aliyeuliza kwa nini watu kwenye picha zake wanaonekana wamebandikwa

Mkuu, umesema umejifunza uwiano wa mwili, vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi unyayoni, unapima kwa penseli, macho na pua vinakaa mahali pake, lakini watu wako bado wanaonekana kama wamekatwa gazetini wakabandikwa juu ya mandhari. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana ugonjwa huo nimeuugua miaka mingi kabla sijajua kuwa dawa yake haiko kwenye penseli.

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Kigoma. Kuna wakati nilipewa kazi ya kuchora ukuta wa duka la zana za uvuvi kule Kibirizi: wanaume wanne wanavuta mtumbwi kuupandisha mchangani. Nilichora kwa kufuata picha ya kwenye simu, misuli ya mikono nikaitia kivuli kwa uangalifu mkubwa. Siku ya tatu mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu. Akatazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa wanavuta au wameshikilia tu?" Nikamjibu, wanavuta, mzee wangu. Akaniambia niweke brashi chini nimfuate.

Nikashikishwa kamba pamoja na vijana wake, mmoja akiimba na sisi tukiitikia. Mkuu, mikono karibu haifanyi kitu, ni kulabu tu. Kinachovuta ni visigino vilivyochimba mchanga, magoti, na makalio yanayorudi nyuma mpaka mwili unakuwa kama wa mtu anayetaka kukalia kiti ambacho hakipo. Hapo ndipo nilipoelewa. Anayevuta kwelikweli hajasimama kwa miguu yake peke yake, amesimama pia kwa kamba. Kamba ikikatika anaanguka chali. Watu wangu wa ukutani, hata ungeikata kamba yao kwa panga, wangebaki wima vilevile.

Tangu siku hiyo, vijana ninaowafundisha kuchora Jumamosi hawagusi karatasi saa nzima ya kwanza. Tunaanza na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, yaani kilo 20. Ibebe kwa mkono wa kulia, utembee. Bega la kulia linashuka, kiwiliwili kinaegemea kushoto, na mkono wa kushoto unatanuka wenyewe bila kuambiwa. Kisha weka kata kichwani, ndoo juu yake. Shingo inanyooka, macho yanatazama mbali, na kazi yote inahamia nyongani. Kichwa kinapita angani kama kinateleza, huku chini yake kiuno hakitulii. Hili wasichana wawili wa darasa langu ndio waliotufundisha, wavulana walikuwa wanamwaga maji. Ukimfunga mtoto mgongoni, unajiinamisha mbele kidogo. Kila mzigo una umbo lake la mwili, na hakuna kipimo cha vichwa kitakachokuonyesha hilo.

Kisha tunaleta timazi, ileile ya fundi uashi, uzi wenye kitufe kizito mwishoni. Mwenzako anaishika uzi wake kwenye shimo la koo, wewe unasimama. Ukisimama sawa kwa miguu yote miwili, kitufe kinaning'inia katikati ya nyayo. Ukihamisha uzito mguu mmoja, kinahamia juu ya mguu huo, nyonga ya upande ule inapanda na bega lake linashuka. Fanya wewe mwenyewe sasa hivi, usiniamini mimi. Mwanafunzi mmoja anatembea kwa mkongojo, na yeye ndiye aliyetupa somo kubwa kuliko yote: kwake kitufe kiliangukia mahali patupu, kati ya mguu na mkongojo, na bado alisimama imara. Wote tulinyamaza tukitazama pale patupu. Kwa mara ya kwanza wakaona kwamba nafasi isiyo na mtu nayo inambeba mtu.

Hapo ndipo huwa naingia kwenye nafasi, na kwako wewe naona ndiyo nusu iliyobaki ya tatizo. Mjerumani mmoja, Oskar Schlemmer, mchoraji na mchongaji aliyefundisha kwenye shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, miaka ya 1920, alimfunga mchezaji wa dansi fito ndefu kwenye mikono, miguu na kiwiliwili. Mchezaji akikunja kiwiko kidogo tu, mstari mrefu unakata ukumbi mzima. Sisi tulitumia matete, tukayafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Chumba chenye watu sita kikawa kidogo ghafla! Kila aliyegeuka alimsukuma mwenzake, ikabidi wapangane, mmoja achuchumae ili mwingine apite. Walipokwenda kuchora, hakuna aliyepanga watu safu moja kama picha ya harusi.

Mwingine ni Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi na mienendo ya mwili, aliyefundisha kwamba kila mtu anatembea na duara lake, yaani eneo lote analoweza kulifikia bila kupiga hatua. Huyu hakuishia kwa wachezaji tu, wakati wa vita ya pili alitazama pia mienendo ya wafanyakazi wa viwandani Uingereza. Kwa hiyo sioni aibu kuwapeleka vijana kwa akina mama wanaoanika dagaa. Simama pale utazame mama anavyotandaza: anainama kutoka nyongani, magoti karibu yamenyooka, mkono unafagia nusu duara, kisha anasogea hatua moja na duara lake linasogea naye. Rudi nyumbani ufanye mwendo huo dakika tano. Mgongo utakuambia uzito uko wapi.

Kuna zoezi moja ninalolipenda sana. Watu wawili, mmoja anapiga goti kumwamkia mkubwa wake, mwingine anaitikia. Wengine hawaruhusiwi kuchora watu, wanachora ule uwazi uliopo kati yao tu. Utashangaa, ukiufuata uwazi vizuri watu wanajitokeza wenyewe, na heshima nayo inaonekana.

Wakati wa kuchora, usikae. Bandika karatasi ya manila ukutani, shika kipande cha mkaa, chora kutoka begani, sekunde thelathini kwa kila mkao. Itakuwa michoro mibaya. Usifute.

Kuna wanaosema kwamba ngoma ni ngoma na uchoraji ni uchoraji. Sikubaliani nao. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, kimefundisha ngoma na uchoraji chini ya paa moja. Na tazameni kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, watu wamepandana kwenye mti mmoja, huyu kambeba yule. Aliyechonga vile aliujua uzito kwa mabega yake.

Tahadhari moja, na nawaomba walimu waizingatie. Mwili una haya. Usimlazimishe mtu kucheza mbele ya wengine, usimshike kumrekebisha kabla hujamwomba ruhusa, na funga madirisha yanayotazama njia. Kijana mmoja niliwahi kumsukuma mapema mno, hakurudi tena, na mpaka leo linaniuma.

Ukuta ule wa Kibirizi bado upo. Niliomba kuupaka upya bure, mwenye duka akasema yeye anaupenda hivyohivyo. Kwa hiyo kila kundi jipya nalipeleka pale, wanasimama mbele ya wale wanaume wanne, wanashika kamba ya kufikirika, na kwa miili yao wanawavuta nyuma mpaka mahali walipotakiwa kuwa.