Maswali yenu kuhusu Samatta na safari ya kucheza nje

Wiki hii nimeweka pamoja maswali mliyoniletea kuhusu mshambuliaji wetu Mbwana Samatta na vijana wanaotaka kupita njia yake.

Kwa nini Samatta alitoka Simba akaenda Lubumbashi badala ya Ulaya moja kwa moja? Hakupoteza miaka? (Msomaji, Temeke)

Hakupoteza hata mmoja. Mwaka 2011, TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi kule Kongo, walipomwona akiichezea Simba dhidi yao, alikuwa hajatimiza miaka 19. Angekwenda Ulaya wakati ule angefanya majaribio, halafu angekaa timu ya akiba mpaka asahaulike. Mazembe walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Inter Milan, Desemba 2010. Kila siku mazoezini alikutana na watu waliozoea kushinda.

Tena Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Kijana wa Mbagala anaweza kwenda sokoni, akaomba bei na kueleweka, kabla hajajua neno la Kifaransa. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye alikuwa kikosini. Msidharau mambo haya. Wapo vijana wenye vipaji waliorudi nyumbani kwa upweke tu.

Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akafunga kwenye fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu. Mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji. Alifika Ulaya akiwa ameshaiva, na msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa.

Kwako wewe, bao lake bora ni lipi? (Msomaji, Mwanza)

Wengi watasema lile la Anfield, Novemba 2019, akiwa Genk, kichwa cha kona dhidi ya Liverpool. Mimi nasema Wembley, tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, akiwa ameshahamia Aston Villa. Manchester City wanaongoza mbili, Villa wamebanwa. Mwenzake El Ghazi anapiga krosi, na Samatta anajirusha chini, mwili umelala hewani, anaugonga kwa kichwa. Nilikuwa kibanda umiza, nimebanwa kati ya watu wawili nisiowajua, na wote wawili walinikumbatia. Villa walifungwa 2-1, lakini usiku ule hatukulala.

Mbona Aston Villa hawakukaa naye? (Msomaji, Mombasa)

Walimchukua Januari 2020 kwa dharura, baada ya mshambuliaji wao Wesley kuumia goti siku ya mwaka mpya. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na hilo likawa bao la kwanza la Mtanzania Ligi Kuu ya Uingereza. Kisha korona ikasimamisha ligi kwa miezi mitatu, na iliporudi Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Samatta anaishi kwa krosi na pasi za mapema. Timu iliyojifungia nyuma haimpi hizo. Septemba wakamnunua mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, na Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Sioni kushindwa hapo. Baadaye, akiwa na PAOK, alichukua ubingwa wa Ugiriki msimu wa 2023/24.

Mwanangu ana miaka 15. Kuna bwana anasema atampeleka majaribio Ulaya, ila kwanza nitoe milioni tatu za viza na tiketi. Nifanyeje? (Mama, Tanga)

Mama yangu, usitoe hata shilingi. Sheria ya FIFA inakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Yapo mazingira machache yanayoruhusiwa, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu isiyo ya mpira. Kwa hiyo hata mtoto akifika, hakuna klabu itakayoweza kumsajili. Wanaoachwa kwenye miji ya watu bila pasi wala nauli huanza hivihivi.

Muulize huyo bwana leseni yake. Tangu 2023 wakala lazima afaulu mtihani wa FIFA, na majina ya wenye leseni yamo kwenye tovuti yao. Wakala wa kweli hulipwa asilimia mkataba ukishasainiwa, hauzi ng'ombe wa mzazi. Na hawezi kumwakilisha mtoto mdogo bila idhini ya maandishi kutoka kwako. Akikwambia nafasi itapotea kesho, basi ipotee.

Nafundisha watoto Morogoro. Mmoja wao akiuzwa nje siku moja, sisi tunapata chochote? (Mwalimu)

Mnapata, mwalimu, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea toka mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo kila mmoja una robo asilimia, inayofuata nusu asilimia. Ukimlea mtoto miaka mitatu, kuanzia 12 mpaka 14, na akaja kuuzwa euro milioni 10, fungu lako ni euro 75,000. Jiulize ni mipira mingapi hiyo.

Tatizo letu ni karatasi. Klabu lazima iwe imesajiliwa na chama cha mpira, na mtoto awe ameandikishwa kwa jina lake sahihi na tarehe halisi ya kuzaliwa. Anayepunguza umri wa mtoto ili acheze na wadogo anavuruga hesabu hiyo pia. Chukua daftari gumu, andika jina, cheti cha kuzaliwa, siku aliyoingia na siku aliyoondoka. Nakala moja peleka chama cha wilaya, wakugongee muhuri.